Nyumba Chini ya Ziwa la Katikati

Mbarara, tarehe 11 mwezi wa pili, 2024

Baba mudogo mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute umesimama vizuri na masikio hayakuumi tena kama wakati ule wa sindano za kinini zilizokuondolea usikivu. Mimi ni mzima. Hapa mjini ni jua na vumbi, mvua bado. Msalimie jirani yako Astère na mkewe Cansilde. Mama Bénédicte sina haja ya kumtumia salamu, maana ndiye anayebeba barua hii akitoka kuuza samaki wake.

Nimepata kazi, baba. Kuna ofisi ya wapima ardhi ya injinia mmoja anaitwa Prince, mtu wa hapahapa, na wamepewa kuchora upya ramani ya bonde letu. Waliposikia nimesoma jiografia na nimekulia Rubondo, walinichukua siku hiyohiyo.

Mezani nina ramani mbili. Ya zamani ina mto Rwakisheke peke yake, mstari mwembamba unaoteremka kutoka milimani, unakatiza malisho, unapita chini yenu na kupotelea kwenye mafunjo. Ya sasa ina maziwa matatu yaliyotengenezwa na watu wa mradi wa maji kwa udongo na mashine. La juu limebanwa na milima, ni refu na jembamba. La katikati lina mikono miwili, kwa sababu ukuta wake ulijengwa pale mto unapopokea kijito kingine, na kile kilima wachungaji walichokuwa wakilishia ng'ombe kimebaki kisiwa. La chini ni pana, halina kina. Ndilo lililomeza daraja na barabara ya soko. Maji ya la juu yakizidi yanamwagikia la katikati, ya katikati yanakuja la chini. Kila ziwa limekaa juu ya kichwa cha lingine.

Nyumba yako iko kati ya ukuta wa ziwa la katikati na ufuko wa lile la chini. Kwenye ramani ni nukta, na nukta hiyo nimeiweka kwa mkono wangu. Nilipomaliza nilikaa nikiiangalia muda mrefu.

Nakuomba jambo moja. Nenda chini ya ule ukuta, upande wenu, uangalie kama pamekauka. Na kama mwenyekiti bado ana kiwanja kule juu karibu na kanisa, fikiria kuhama kabla ya masika. Niandikie upesi.

Mimi mtoto wako,
Orpa

*

Rubondo, tarehe 2 mwezi wa tatu, 2024

Kwa binti yangu Orpa,

Amani ya Bwana ikae na wewe mu ile muji ya vumbi. Miye niko muzima. Magoti inauma asubuhi, jua ikitoka inaacha. Masikio ni ile ile: batu banafungua midomo, na miye naangalia meno yao. Simu yangu ilianguka mu ziwa siku nilivuka na mutumbwi wa Astère. Sikuilia, juu simu ya mutu asiyesikia ni kipande ya plastiki tu. Kwa hiyo endelea kuandika. Unaandika vizuri, mwalimu wako wa kwanza nilikuwa miye.

Umenichorea maziwa na maneno, merci. Sasa nikuambie vile mutu anaishi ndani ya ile ramani. Zamani nilivuka daraja naenda soko, narudi mbele ya jua kuwa kali. Leo barabara inateremka mpaka mu maji inapotelea pale, na tunazunguka mulima muzima. Asubuhi ukungu unapanda toka ziwani, maharage inaoza ikiwa bado mbichi. Saa sita ng'ombe za Banyankole zinashuka kunywa na kukanyaga mihogo, na kila siku ni maneno na bachungaji. Samaki ilikuja yenyewe, hakuna mutu anajua nani aliimwaga. Cansilde anasema hii si ziwa, ni mugeni aliyekataa kurudi kwao.

Ukuta nilienda kuuangalia. Ni mukavu. Majani imeota vizuri juu yake. Maneno ya ukuta iishe hapo, na kiwanja ya juu bapewe bengine.

Ni miye sasa nikuulize. Kwenye barua ya Noeli niliandika: kuna mutu pale Mbarara amesikia habari ya Gradi? Umenijibu juu ya kazi, juu ya injinia, juu ya maziwa. Mutoto yangu alienda Uvira, kule Kongo, mwaka juzi kutafuta shamba ya marehemu mama yake. Tangu batu ba bunduki basimamishe gari yao njiani, sina habari. Kama hujui, andika: sijui. Haichukui karatasi mingi.

Baba yako mudogo,
Constantin

*

Mbarara, tarehe 21 mwezi wa tatu, 2024

Baba mudogo,

Pokea salamu zangu. Natumaini magoti yamepata nafuu. Nina afya, ila usingizi umekuwa haba, na sababu utaiona hapa chini.

Mvua imeanza. Mama Bénédicte alipumzika kwangu juzi akisubiri ipungue, nikamuuliza habari za ukuta. Aliniambia hivi: "Ile maji inatoka chini ya ukuta iko rangi ya chai ya maziwa. Baba Constantin anapita pale kila siku. Tukimuonyesha, anasema ni mvua."

Kwa nini uliniandikia ni mkavu?

Nilimpelekea injinia Prince maneno hayo. Aliacha alichokuwa akifanya. "Maji ni safi ama ni ya matope?" Nikamwambia ni ya matope. "Hiyo si mzuri," akasema. "Maji safi ikitoka kidogo, ukuta inapumua. Ikitoka na udongo, ukuta inakuliwa ndani." Palepale alipiga simu kwa wenye mradi. Walimjibu kwamba watatuma mtu baada ya mvua. Alirudisha simu mezani taratibu, akaniambia, "Orpa, toa mzee yako huko."

Baba, ziwa la juu limejaa. Lile la katikati limebakiza kidogo kufika kwenye njia ya maji ya ziada. Ukuta huo ukikatika, maji hayatakwenda kushoto wala kulia. Bonde pale kwako ni jembamba kama mlango, nimelipima mwenyewe. Yote yatapita uani kwako.

Pasaka nitakuja. Tutazungumza uso kwa uso.

Orpa

*

Rubondo, tarehe 7 mwezi wa ine, 2024

Binti yangu,

Nakusalimia, na Astère na Cansilde banakusalimia. Cansilde anauliza kama ulifika bila kunyeshewa. Sombe uliyoiacha mu sahani nilikula miye jioni, juu ni vibaya kutupa chakula.

Tuligombana siku ya Bwana kufufuka, na ile inaniuma. Ulisimama mbele yangu kinywa kikifunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama, na miye sikushika hata neno moja kwenye midomo yako. Kisha ukashika mukono yangu ukaandika kwenye kiganja kwa kalamu: HAMA. Nikakuuliza juu ya Gradi. Uliangalia chini. Niliuliza tena, ukaanza kulia, ukachukua mufuko yako.

Nimefikiri siku zote hizi. Najua sasa. Umesikia kwamba amekufa, na umeogopa kuniambia. Nisikie vizuri: hata batu kumi baapishwe kanisani, sitaamini.

Uliuliza kwa nini nimepaka chokaa ukuta wa nyumba unaoangalia ziwa. Nitakujibu hapa. Gradi alitoka Rubondo maziwa ikiwa bado haiko. Njia aliyoijua iko chini ya maji. Daraja iko chini ya maji. Ile miavokado tulipoagana imekauka imesimama ndani ya ziwa, ndege banatua juu yake. Fikiria mutoto anafika ng'ambo, anatafuta nchi aliyoiacha, anaona maji tu. Atasema nimepotea njia, ama atasema balikufa bote, na atageuka. Kitu kimoja tu hakikusogea, ni hii nyumba. Nimeipaka nyeupe ionekane toka mbali. Nikihamia juu nyuma ya kanisa, toka ng'ambo hakuna kitu ataona.

Na ile maji ya matope, ndiyo, niliiona kabla ya Bénédicte kuiona. Sikuandika juu nilijua utatuma batu bakuje kunitoa.

Usirudi tena kunigombeza. Ukija, kuja kunisalimia.

Constantin

*

Mbarara, tarehe 16 mwezi wa nne, 2024

Baba mudogo,

Shikamoo, na leo salamu ni hiyo tu. Mama Bénédicte anangoja mlangoni, pikipiki inanguruma. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Gradi yuko hai.

Alifika Mbarara mwezi wa kumi na moja. Nilimkuta sokoni anapakua ndizi kwenye lori, amekonda, ana ndevu, nikampita kisha nikarudi. Analala katika chumba changu cha nyuma. Wale watu waliosimamisha gari walimchukua pamoja na vijana wengine, wakampa bunduki, wakakaa naye msituni mpaka alipopata njia ya kutoroka. Aliyoyafanya huko hajanieleza, na mimi sikumuuliza. Aliniapisha nisikwambie. Kila nilipomsihi alisema, "Baba ni muzee wa kanisa. Afazali anione niko mufu kuliko vile niko." Nilifikiri ni suala la muda, kwamba atatulia na kwenda mwenyewe. Ndiyo maana niliangalia chini siku ya Pasaka. Sikuwa na msiba wa kukuficha.

Juzi usiku nilivunja kiapo. Nilimsomea barua yako, kuanzia pale ulipoandika kwamba hutaamini amekufa. Nilipofika pale pa chokaa akanisimamisha.

"Alipaka nyumba?"

"Alipaka."

"Soma tena fasi hiyo."

Nikasoma tena. Akavaa viatu, akatoka nje bila koti, mvua inanyesha. Mpaka saa hii hajarudi. Sokoni hayupo. Kituo cha magari hawakumwona. Sijui ameelekea kwako au amekimbia tena, na kama amekimbia ni kwa sababu yangu.

Habari ya ukuta ni hii. Prince ameacha kuwasubiri wenye mradi. Jana alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa kutolea maji, akakuta chuma kimekwama, hakifunguki. Kesho anarudi na vijana wa kuchimba njia ya pembeni ili ziwa lipungue. Aliniambia hajui kama kuna muda.

Mama Bénédicte anasema jana alibisha kwako na ulimfungia mlango. Leo usimfungie. Gradi akija atakukuta hata kanisani, baba. Panda kanisani leo. Nakuomba kwa jina la marehemu baba yangu, kaka yako.

Orpa

*

Rubondo, fasi ya kanisa, tarehe 5 mwezi wa tano, 2024

Orpa, binti yangu,

Salamu mingi katika Bwana. Usikasirike na kuchelewa kwangu. Nilikuwa sina kalamu, sina meza. Bénédicte alikuambia kwa simu kwamba tuko bazima. Mengine alikuambia nusunusu, nimeona, binti yangu, nikuandikie kwa utaratibu.

Barua yako ilinikuta sina tena mulango wa kuifungia. Gradi alifika kabla yake, Jumanne ileile uliyoandika, asubuhi. Nilikuwa mu maharage. Nikainua kichwa nikaona mutu amesimama ng'ambo, pale barabara inaingia mu maji. Batu banasimama pale mara mingi, bageni basiojua njia, kisha banageuka. Huyu hakugeuka. Aliangalia nyumba. Miye niliacha jembe na nikasimama vilevile, nikiogopa kupunga mukono, juu kama si yeye ningeona aibu. Akaanza kuzunguka ziwa. Alipotea nyuma ya mulima, na ile saa ilikuwa ndefu kuliko ile miaka mbili. Akatokea juu ya ukuta wenyewe, akatembea juu yake kutoka mwisho mpaka mwisho, akashuka.

Hakunikumbatia. Alisimama mbali kidogo na akasema kitu. Nikamuonyesha masikio. Hakuwa anajua, hukumwambia. Aliweka mukono mbele ya kinywa. Kisha akasogea karibu na akasema polepole ili nione midomo: "Baba, twende."

Nikasema, "Kula kwanza."

Akatikisa kichwa. Alienda chini ya ukuta na akarudi na matope mu kiganja, akanionyesha, matope inatiririka kati ya bidole. Halafu akaingia ndani akabeba kitanda yangu kwenye kichwa kama mutu anaiba. Nilimufuata nikiwa na chungu. Sikufikiri juu ya ramani yako wala juu ya maneno ya injinia. Nilimufuata tu, juu alikuwa anaenda.

Alirudi chini tena na tena ile siku. Yeye na Bénédicte bakabisha kila mulango wa bonde. Bengine balicheka. Kesho yake injinia Prince alipofika na majembe na kuanza kuchimba pembeni, mvua inapiga migongo yao, kicheko kikaisha na batu bakapanda.

Ukuta ulikatika Alhamisi saa sita. Batu banasema ulilia kama lori inamwaga mawe. Miye nilisikia kwa miguu. Nilikuwa nimeketi mbele ya kanisa, udongo ukatetemeka chini yangu, na nikaona batu bote banasimama pamoja. Prince na bijana bake balikuwa bamekwisha kukimbilia juu. Maji haikukuja kama mawimbi. Ilikuja kama mulima unaotembea, nyekundu, na miti imesimama ndani yake. Nyumba yangu niliiona nyeupe, kisha sikuiona. Hakuna kitu kilichozunguka wala kuelea. Ilikuwa pale na haikuwa pale.

Sasa nikuambie ile Bénédicte alishindwa kukuambia kwa simu. Astère amekufa. Alikuwa amepanda na Cansilde Jumatano, salama, na alikuwa ameketi na sisi asubuhi. Mbuzi zake mbili zilibaki zimefungwa chini. Aliona mvua imepungua, akasema nazifungua narudi. Gradi alimuona kwenye kona ya njia na akakimbia nyuma yake akiita. Banasema Astère aligeuka na akapunga mukono, kama mutu anayesema nakuja. Gradi alimufikia, akashika shati, na maji ikafika. Gradi ilimutupa kwenye kilima, ubavu umechubuka wote. Shati lilibaki mu mukono yake. Alikuja nalo mpaka kanisani na hakuliachilia mpaka Cansilde mwenyewe alipolichukua.

Ukuta wa ziwa la chini ulishika, Mungu asifiwe, na batu ba upande wa Nakivale, kule bondeni zaidi, habakuguswa. Ziwa la chini limejaa matope na mabati na milango. Ziwa la katikati haliko tena. Ukisimama hapa unaona bonde la matope linalong'aa, kile kisiwa kimekuwa tena kilima, na katikati mto mwembamba unapita ukitafuta njia yake. Wenye mradi balikuja na magari meupe, bakapiga picha, bakauliza kama tuliona dalili. Prince aliwajibu mbele yetu. Sikusikia maneno, lakini niliona nyuso zao zikibadilika, na mumoja akafunga buku yake.

Juu ya Gradi: analala mulangoni mwa kanisa, hataki ndani. Nikiwa nanyofoa majani ya mihogo anaketi nyuma yangu na anasema. Najua anasema juu naona kivuli cha mikono yake kwenye udongo mbele yangu. Anasema muda murefu. Sijageuka hata mara moja. Siku atataka nijue, atakuja mbele na nitasoma midomo. Kama haitafika, pia ni sawa. Kwa kiapo ulichovunja, sina neno baya juu yako. Kwa miezi ile yote uliyonificha, nilikuwa na hasira, na imeisha nusu. Nusu ingine nipatie muda.

Astère alipatikana mu mafunjo ya ziwa la chini. Gradi alimutafuta na mutumbwi kila siku mpaka akamupata. Padri alikuja Jumamosi. Fasi ya kuzika ni kule juu kabisa, njia ni mbaya, ni utelezi tupu, na ilihitaji banaume ine ba kubeba. Batatu balijitokeza upesi. Gradi alikuwa amesimama nyuma ya batu, karibu na uzio. Cansilde akapita katikati ya batu mpaka kwake. Maneno haya nimeandikiwa na Bénédicte, aliyekuwa karibu.

"Wewe uje, ukamate mbele," Cansilde alisema.

"Mama, tafuta mutu mwingine. Mikono hii haifai kwa kazi hiyo. Hujui ilifanya nini."

"Sikukuuliza ilifanya nini. Ilimukamata bwana wangu. Kuja."

Akakuja. Alikamata mbele, upande wa kushoto, ule ubavu uliochubuka. Kwenye mupando mukali batatu balibadilishana na bengine, balipumua, balikunywa maji. Bakamugusa bega ili naye aachie mutu mwingine, akatikisa kichwa. Nilitembea nyuma yake na nikaangalia miguu yake inavyotafuta fasi ya kukanyaga, polepole, moja kisha nyingine, mpaka tukafika.

Baba yako mudogo,
Constantin